SOMO: Namna ya kuitambua bastola ya zamani ya Ulaya kwa kuitazama tu

Wakuu, salaam. Watu wengi wakiona bastola ya zamani kwenye picha ya vita au kwenye kabati la makumbusho, huita kila moja "Luger". Si haki kwa mafundi wale. Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1914 walikuwa wakihangaika na swali moja, bastola ijipakieje risasi yenyewe baada ya kufyatua, na kila mmoja alipita njia yake. Njia hiyo inaonekana kwa nje.

Hatua ya 1: Risasi zinakaa wapi?
Ukiona silinda, hiyo ni rivolva, si ya somo hili. Ukiona kisanduku cha risasi mbele ya triga, na mpini mwembamba wa mviringo, hiyo ni Mauser C96 ya kiwanda cha Oberndorf, Ujerumani. Jina ni la Mauser, lakini waliokaa chini wakaibuni ni ndugu watatu wa ukoo wa Feederle. Kwa kawaida inabeba risasi 10, zinazoshindiliwa kutoka juu kwa klipu, yaani kibanio kinachoshika risasi pamoja. Ala yake ya mbao huchomekwa nyuma ya mpini ikawa kitako cha begani. Winston Churchill alipigana nayo Omdurman, Sudan, mwaka 1898.
Kama risasi zimo ndani ya mpini, endelea.

Hatua ya 2: Kinachorudi nyuma ni nini?
Hapa tutulie kidogo. Luger halisi ina mtutu mwembamba ulio wazi, mpini ulioinama, na juu kwa nyuma vifundo viwili vya mviringo, kimoja kila upande. Vifundo hivyo ni sehemu ya kiungo kinachofanya kazi kama goti. Goti likinyooka, chuma kimefungwa imara nyuma ya risasi. Ukifyatua, mtutu na goti vinarudi pamoja kidogo, vifundo vinagonga mteremko wa fremu, goti linakunjika kwenda juu na ganda linatoka. Hugo Borchardt ndiye aliyetangulia kulitumia goti hilo kwenye bastola yake ya 1893, lakini ilikuwa kubwa na imelemea nyuma. Georg Luger akaipunguza umbo na kuiweka sawa mkononi. Uswisi iliichukua 1900, jeshi la majini la Ujerumani 1904, jeshi la nchi kavu 1908. Ndiyo maana inaitwa P08.
Lakini kama mtutu umefunikwa na kipande kirefu cha chuma, yaani slaidi, na chote ndicho kinachorudi nyuma, huenda umefika kwa John Browning, Mmarekani wa Utah aliyepeleka michoro yake kwa kiwanda cha FN, Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Bastola zake ndogo hazina kitu cha kuifungia slaidi kwenye mtutu wakati wa kufyatua: uzito wa slaidi na nguvu ya springi vinatosha. Kwangu mimi huyu ndiye aliyeona mbali kuliko wote. Tazama bastola za leo, karibu zote zina slaidi.

Hatua ya 3: Springi iko wapi?
Itazame kwa mbele. Kwenye FN Model 1900 springi imelazwa juu ya mtutu, kwa hiyo risasi inatokea chini. Kwenye Model 1910 springi imeuzunguka mtutu, na mdomo wake ni wa duara. Wengi huzichanganya hizi mbili wanaposimulia mauaji ya mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, kule Sarajevo, 28 Juni 1914. Muuaji, Gavrilo Princip, alitumia Model 1910. Model 1900 ndiyo iliyomuua Ito Hirobumi, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Japani, kule Harbin, China, mwaka 1909.

Hatua ya 4: Alama.
Herufi ELG ndani ya umbo la yai zinaeleza kwamba silaha ilipimwa Liège. Hazimtaji aliyeitengeneza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina picha ya afisa wa Austria. Bastola ina slaidi, lakini chini ya mpini sioni pa kutolea magazini (kisanduku cha risasi).
Jibu: Hiyo inaelekea kuwa Steyr M1912. Magazini yake haitoki, risasi 8 zinaingizwa kutoka juu kwa klipu. Hapo ndipo slaidi peke yake isikudanganye ukasema ni Browning.

Swali: Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, huku kwetu Afrika Mashariki nao walikuwa na Luger?
Jibu: Bastola ilikuwa silaha ya maafisa. Askari alibeba bunduki, na mwaka 1914 wengi bado walikuwa na Mauser ya 1871, yenye baruti ya moshi mzito uliomwonyesha adui walipo.

Swali: Nimekuta bastola ya kale kwenye sanduku la marehemu babu. Nikufungulie nikutumie picha?
Jibu: Hapana ndugu yangu, usifungue chochote wala usiisafishe. Inaweza kuwa na risasi ndani, na springi ya zamani haiaminiki. Iache palepale, zuia watoto, kawaarifu polisi waje wenyewe waichukue. Usiibebe kuwapelekea kituoni.