Kurudia namba ya AS hakutoshi
Wenzangu wa mitambo hapa Mombasa wenye laini mbili, tuseme moja inatokea kebo ya baharini ya SEACOM na nyingine ya TEAMS: kurudia namba yako ya AS (inayotambulisha mtandao wako) kwenye BGP (itifaki ya mitandao kuambiana njia) ili njia moja ionekane ndefu, mara nyingi hakuhamishi trafiki inayoingia. Mtandao wa mbali hutazama kwanza kipaumbele chake, urefu wa njia baadaye, na wengi humpendelea mteja anayewalipa.

Tangaza /23 yako (kundi la anwani 512 za IP) pande zote mbili, kisha /24 moja (nusu yake) kwenye laini unayotaka ibebe mzigo. Kipande kidogo ndicho hufuatwa. Ile /23 usiiondoe, kebo ikikatika ndiyo itakayokushika. Ila kagua kwanza ROA, yaani cheti kinachosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza anwani zako na hadi kipande cha ukubwa gani! Ikiruhusu mwisho /23, /24 yako ni batili na wanaokagua RPKI (mfumo wa vyeti hivyo) wataitupa. Kidogo kuliko /24 usihangaike nacho, hakifiki mbali.