Unajifunza gari? Anza na kusimama

Kama unajifunza gari sasa hivi hapa Bongo mwambie mwalimu akukazie sana kwenye kusimama. Kuondoa gari utajua tu ndani ya siku chache, ila kusimama kwa wakati ndo kunaokoa watu na vyuo vingi wanapapitia juu juu.

Makaratasi kwanza. Uwe na miaka 18, uwe na TIN (namba ya mlipa kodi), ujiandikishe chuo kinachotambulika, upate lena, yani leseni ya kujifunzia, ndo uingie barabarani, mwalimu pembeni na kibao cha L kionekane. Ukimaliza mafunzo unapewa cheti, unaenda kutahiniwa na trafiki, ukifaulu unalipia leseni TRA, mamlaka ya mapato. Gari dogo la kutembelea ni daraja B au D, pikipiki ziko A, kubeba abiria ni madaraja ya C. Akitokea mtu anakwambia toa hela leseni itakuja bila jaribio, mkatae, mtoto akikatiza mbele yako ile kadi haitakukanyagia breki.

Jifunzie gari la manyuo hata kama nyumbani kuna otomatiki. Zoezi la mlimani lirudie mpaka mguu uzoee: umesimama na hendibreki, gia namba moja, unaachia klachi taratibu mpaka unasikia gari linatetemeka na pua inataka kunyanyuka, hapo unaongeza mafuta kidogo alafu ndo unashusha hendibreki. Likirudi nyuma usipanik, kanyaga klachi na breki, anza upya.

Siku ya jaribio funga mkanda kabla hujagusa swichi, angalia saiti mira zote, washa indiketa hata kama barabara ni nyeupe. Alama za barabarani zijue zote maana utaulizwa. Kwenye kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, mpishe anayetokea kulia kwako ambaye yuko ndani tayari, hapa wengi wanafeli kwa kujipenyeza.

Sasa umbali. Ukiwa 50 kwa saa unakwenda karibu mita 14 kila sekunde, yani wakati mguu bado unatoka kwenye mafuta kwenda breki mita 14 zimeshaliwa, ukiwa 80 ni mita 22, na ukizidisha mwendo mara mbili breki yenyewe inahitaji karibu mara nne ya ule umbali. Kwa hiyo gari la mbele likipita nguzo hesabu taratibu sekunde tatu kabla na wewe hujaifikia, mvua ikinyesha ongeza mara mbili. Dar watakuchomekea hapo katikati, bodaboda ndo usiseme, waache wapite, punguza mwendo kidogo upate nafasi tena.

Ukiona gari limesimama kwenye zebra usiliovateki hata iweje, kuna mtu anavuka hujamuona. Daladala ikishusha kituoni hivyo hivyo, abiria huwa wanakatiza mbele yake.

Safari za mkoani, ukikuta matawi ya miti yametupwa barabarani punguza mwendo hapo hapo, kuna gari limeharibika mbele na usiku mara nyingi halina taa. Lori likikuwashia indiketa kwamba pita, angalia kwa macho yako kwanza, aliyekuruhusu hatakuwepo mkigongana uso kwa uso. Akija mtu na taa fulu usishindane nae, shusha zako na macho yafuate mstari wa pembeni kushoto.

Alafu Kitonga, ule mlima mkali wa njia ya Iringa. Unashuka na gia ndogo ile ile ambayo ungepandia, tangu juu kabisa kabla mteremko haujakukamata, injini ndo inashikilia gari na breki unaigusa kwa vipindi tu. Otomatiki weka 2 au L. Usiweke nyutro kuokoa mafuta, maana unabaki na breki peke yake, zikipata moto zinaacha kushika. Ukisikia harufu ya kuungua au pedali inazama, bado una gia, shusha zaidi, tafuta pa kutoka pembeni usimame upoze muda wa kutosha, usimwage maji.