Mafuta yamekauka, chumvi bado imo: namna ya kuyaosha kabla ya meli

Huku Oman visima vingi vikongwe vya mafuta ghafi hutoa maji ya chumvi kuliko mafuta. Mnunuzi kwa kawaida hutaka maji na takataka zisizidi asilimia 0.5, na chumvi isizidi ratili 10 kwa mapipa 1,000. Wageni wa kazi hulikimbilia sharti la kwanza. La pili ndilo huwaangusha.

1. Toa maji yaliyo huru kwenye seperata, yaani tangi la kutenganisha mafuta na maji. Yatakayobaki ni matone madogo yaliyong'ang'ania mafuta, rangi yake kama chai ya maziwa.

2. Tia dawa ya kuyaachanisha, tena mapema, ichanganyike njiani. Kisha pasha moto. Kipimo cha dawa kijaribu kwanza kwenye chupa, maana ikizidi huweza kuyashikisha maji na mafuta upya.

3. Sasa piga hesabu. Tuseme umebakiwa na maji asilimia 0.5, na kila lita ya maji hayo ina gramu 200 za chumvi. Mapipa 1,000 ni lita 159,000, kwa hiyo umebeba kilo 159 za chumvi. Ruhusa yako, zile ratili 10, ni kilo 4.5! Kukausha tu, yaani kutoa maji, hakutoshi.

4. Osha. Ingiza maji matamu asilimia 5 kabla ya vali ya kuchanganyia, kisha yatoe mpaka irudi 0.5. Yakichanganyika barabara, zitabaki kilo 14.5 hivi. Rudia: kilo 1.3. Ndiyo maana tunaosha mara mbili. Vali ukiilegeza, maji hupita bila kukutana na chumvi. Ukiibana mno, umepika ile chai upya. Mimi huanza na tofauti ya presha ya baa 0.5, napanda taratibu huku nikipima sampuli.

5. Pitisha kwenye tangi la umeme. Umeme huunganisha matone, na tone likipanuka kipenyo mara mbili hushuka mara nne upesi. Chunga kina cha maji: yakigusa elektrodi, yale mabamba yanayopitisha umeme ndani ya tangi, umeme unakatika.

6. Pima maji kwa sentrifuji, mashine inayozungusha sampuli kwa kasi, na chumvi kwa kipimo chake. Kimoja hakisemei kingine.

7. Kwenye tangi la kuhifadhia, acha yatulie, kisha fungua bomba la chini kidogo kidogo. Ukifungua kwa pupa, mafuta hutoboa katikati ya maji na kutoka kwanza, nawe utafunga ukidhani maji yamekwisha.