Diski ya nje ya PS4 ama Xbox: ufomati na nini

Kuna kijana wa form three alikuja hapa Kondele, Kisumu, na diski ya tera moja ndani ya soksi, kwani kava iliisha kitambo, ananiambia fundi nisaidie gemu zangu zimeenda. Kumbe alitoa diski kwa PS4 akaichomeka kwa laptopu ya dada yake ndio aongeze movie, Windows ikamwambia hii diski haisomeki, unataka kuifomati, yaani kuifuta na kuipanga upya? Akabonyeza ndio. Sasa hapo mimi nifanye nini omera.

Kwa hivyo kabla hujagusa kitu, jiulize diski itabeba gemu ama itabeba movie na faili zingine. Watu huanza na ati exFAT ama NTFS, yaani njia za kupanga faili kwa diski, na hilo ni swali la pili.

Kama ni ya gemu, usisumbuke na kompyuta hata kidogo, konsoli, yaani hiyo mashine ya gemu, inafomati yenyewe. Kwa PS4 unaingia setingi, unaenda kwa vifaa, unatafuta diski za USB, unachagua yako halafu unabonyeza pale pameandikwa Format as Extended Storage. Inafuta kila kitu kwa diski, kwa hivyo kama kuna picha za harusi ya mtu toa kwanza. Diski iwe ya USB 3.0, kuanzia GB 250 mpaka TB 8, na uchomeke moja kwa moja kwa PS4, usipitishie kwa ile hab ya matundu manne maana haitakubali. Flashi ya GB 64 pia sahau, hiyo ni ndogo. Ukishafomati hivi kompyuta haitaelewa hiyo diski tena, itakuambia imeharibika, na haijaharibika. Wewe bonyeza hapana, chomoa, rudisha kwa PS4. Ni hapo tu kijana wetu aliteleza.

Xbox One ni hivyohivyo, ukichomeka inakuuliza unataka ya gemu ama ya media, ukisema gemu inafomati kivyake. Na mwenye PS5 asidanganywe na muuzaji, gemu za PS4 zitacheza kutoka kwa diski ya USB lakini za PS5 zenyewe zinakaa tu hapo kama stoo, ukitaka kucheza unazirudisha ndani kwanza. Xbox Series pia, gemu zilizotengenezewa Series hazichezi kutoka kwa USB.

Haya, sasa movie. Hapa ndio kuna mambo, juu wengi wetu tunabeba diski kwa yule jamaa wa movie anatujazia series, na diski nyingi za dukani zinakuja na NTFS, sasa unafika nyumbani unachomeka kwa PS4 haioni kitu, unarudi unamgombanisha jamaa wa watu bure. PS4 inasoma FAT32 na exFAT peke yake. NTFS haitaki. Xbox One yenyewe NTFS inakubali kwa media.

FAT32 ni ya kitambo, ya 1996 huko, na ubaya wake ni kwamba faili moja haiwezi kupita GB 4. Ndio unaona movie ya picha safi ya GB 6 inakataa kukopiwa na diski iko tupu karibu yote. Tena Windows kwa ile dirisha ya kawaida ya kufomati haikupi FAT32 ikiwa diski imepita GB 32. Mimi naiweka tu kwa flashi ndogo na kwa wenye bado wana PS3, kwa sababu PS3 haijui kitu kingine.

Waliobaki wote nawaambia exFAT. Kwa Windows bonyeza diski na upande wa kulia wa mausi, chagua kufomati, weka exFAT, hizo saizi zingine ziache vile ziko. Mac inasoma na kuandika, PS4 inasoma, Windows inasoma. Shida yake moja ni kwamba haiweki kumbukumbu ya kazi inayoendelea kama NTFS, kwa hivyo stima ikipotea katikati ya kukopi, na hapa stima tunaijua, unaweza pata folda nzima haifunguki. Usichomoe pia kabla hujaiambia mashine unatoa.

Flashi ya kuapudeti PS4 pia iwe FAT32 ama exFAT, halafu tengeneza folda inaitwa PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake faili PS4UPDATE.PUP, zote herufi kubwa. Ukiandika ndogo utakaa hapo ukiambiwa faili haionekani mpaka jioni.

Yule kijana nilimfomatia diski upya kwa PS4 yangu hapa, na nikamwambia kitu kimoja hakuwa anajua, kwamba sevu, yaani pale umefika kwa gemu, hazikai kwa diski ya nje, zinakaa ndani ya PS4 yenyewe. Akakimbia nyumbani kuangalia. Kariya yake ya FIFA, msimu wa nne, iko vile aliiacha, ni gemu tu za kudaunilodi tena, na hizo bando ni zake na dada yake.