Namna ya Kuandika Historia ya Mji Mdogo wa Kusini mwa Marekani Ukianzia Kiwanja Kimoja

Vitabu vingi vya historia ya miji midogo ya Alabama, Georgia, Mississippi na Carolina huanza na jenerali, meya wa kwanza na mwaka mji uliposajiliwa. Vingi kati ya hivyo huwaacha nje wakazi wengi mno, kwa sababu kwa muda mrefu kumbukumbu za miji hii ziliwekwa mafungu mawili: Weupe huku, Weusi kule. Shule mbili, makaburi mawili, mara nyingi hata madaftari ya ndoa mawili. Njia inayomlazimisha mtafiti kuyafungua mafungu yote ni kuchukua kiwanja kimoja na kukifuata hadi mwanzo wake. Duka la kona kwenye uwanja wa mahakama linafaa. Nyumba iliyo karibu na stesheni inafaa zaidi, maana katika miji mingi reli ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya mitaa ya Weupe na ya Weusi.

Mahakama ya kaunti

Hati za ardhi hukaa makao makuu ya kaunti, ila ofisi yenyewe hutegemea jimbo. Mississippi utaenda kwa karani wa mahakama ya Chancery, Georgia kwa karani wa Superior Court, Alabama kwa jaji wa mirathi, na North Carolina na Tennessee kwa msajili wa hati. Usiombe “historia ya nyumba”, maana karani hana kitu hicho. Omba faharasa mbili: ya wauzaji na ya wanunuzi. Tafuta jina la mwenye kiwanja wa sasa kwenye faharasa ya wanunuzi, chukua namba ya kitabu na ukurasa, soma hati, uone ni nani aliyemuuzia. Kisha mtafute huyo muuzaji naye alinunua lini. Rudi nyuma hivyo, hati kwa hati. Kila mara nakili kitabu na ukurasa, tarehe ya kusaini, tarehe ya kusajili, majina ya wote pamoja na mashahidi, bei, na mipaka neno kwa neno. Tarehe ya kusaini na ya kusajili zinaweza kupishana miaka mingi, na anayeandika moja tu hujikuta na duka lililojengwa kabla mwenyewe hajanunua ardhi.

Mfuatano huu utakatika mahali, tena kwa sababu zinazojulikana. Ardhi ikirithiwa, hakuna hati ya mauzo: nenda kwenye mafaili ya mirathi. Mwanamke akiolewa, jina hubadilika: fungua madaftari ya ndoa, na katika majimbo haya uliza kama kuna daftari la pili la Weusi. Ardhi ikipigwa mnada kwa deni au kodi, anayeandikwa kama muuzaji mara nyingi ni sherifu, kwa hiyo tafuta chini ya jina lake au cheo chake. Kaunti ikiwa ilimegwa kutoka nyingine, hati za zamani zimebaki kwenye kaunti mama. Na mahakama ikiwa iliungua, usikate tamaa mapema. Wenye ardhi wengi walirudi kusajili upya hati walizokuwa nazo nyumbani, na nakala za orodha za kodi huenda ziko kwenye nyaraka za jimbo.

Bei ya dola 1 haimaanishi kiwanja kiliuzwa dola 1. Ni desturi ya kisheria, na mara nyingi maana yake ni zawadi au uhamisho ndani ya familia, au wahusika hawakutaka bei ijulikane. Usiiandike kama bei.

Mipaka nayo ina lugha mbili. Alabama, Mississippi, Arkansas, Louisiana na Florida zilipimwa na serikali kuu kwa miraba: eneo la maili 6 kwa 6 lenye sehemu 36, kila sehemu ekari 640. Carolina, Virginia na Tennessee hutumia miti, vijito na pembe za dira, na umbali huhesabiwa kwa mnyororo wa mpimaji, ambao ni futi 66, au kwa fito ya futi 16 na nusu. Minyororo 10 ya mraba ni ekari moja. Kiwanja cha minyororo 5 kwa 4 kwa hiyo ni ekari 2. Ikiwa hati inasema ekari 2 lakini vipimo vyake vinatoa ekari 3, usisahihishe. Andika vyote viwili. Georgia ina namna yake: sehemu kubwa ya ardhi yake iligawiwa kwa bahati nasibu kati ya 1805 na 1832, na namba za viwanja vya bahati nasibu bado zimo kwenye hati za leo.

Ramani za Sanborn

Kampuni ya Sanborn ilichora miji ya Marekani kwa ajili ya bima ya moto, na Maktaba ya Bunge mjini Washington imeweka maelfu ya ramani hizo kwenye intaneti, bure. Kwa kawaida inchi moja ya karatasi ni futi 50 za ardhi. Waridi ni matofali, manjano ni mbao, buluu ni mawe, kijivu ni chuma. Herufi D ni makazi, S ni duka. Weka ramani za miaka tofauti za kiwanja chako kando kando: manjano ikigeuka waridi, kuna uwezekano mkubwa mbao ziliungua au zilibomolewa, na sasa una miaka miwili ambayo kati yake utasaka habari hiyo gazetini.

Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuamini tarehe ya jalada. Kampuni ilikuwa ikibandika vipande vya masahihisho juu ya karatasi za zamani, kwa hiyo tazama kingo za karatasi zilizobandikwa kabla ya kusema jengo lilikuwepo mwaka fulani. La pili ni zito zaidi. Wachoraji walienda palipokuwa na mali ya kukatiwa bima, kwa hiyo mitaa ya Weusi mara nyingi iliachwa nje ya ukingo wa karatasi. Palipo patupu kwenye ramani pengine palikuwa na kanisa, kinyozi na nyumba thelathini.

Sensa, na ukuta wa 1870

Sensa hufanyika kila miaka 10 tangu 1790, na fomu zenye majina hufunguliwa baada ya miaka 72. Za 1950 zilitoka Aprili 2022. Karibu zote za 1890 zimepotea kutokana na moto wa Washington wa 1921, kwa hiyo usipoteze juma zima kuzitafuta.

Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 utakuta jina la mmiliki, kisha safu ya umri, jinsia na rangi, bila majina isipokuwa kwa nadra sana. Kuuvuka ukuta huu kunahitaji subira. Anza na familia ya Weusi katika 1870, kisha soma kurasa mbili nyuma na mbili mbele, maana karani wa sensa alitembea nyumba kwa nyumba na majirani wa karatasi mara nyingi ni majirani wa kweli. Ongeza mikataba ya kazi ya Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali kuu ya kuwasaidia waliotoka utumwani, iliyofanya kazi kati ya 1865 na 1872, na madaftari ya Freedman's Savings, benki ya watu haohao, iliyofungwa 1874, ambayo wakati mwingine humtaja mama, baba, ndugu na hata shamba alikozaliwa mwenye akaunti. North Carolina na Virginia zina pia orodha za 1866 za wanandoa waliokuwa wameishi pamoja utumwani bila ndoa kutambuliwa na sheria.

Usidhani jina la ukoo ni la mmiliki wa mwisho. Wengine walichukua la mmiliki wa zamani zaidi, wengine la baba, wengine walilichagua wenyewe. Wala usimwite mwanamke wa 1870 mke wa mwenye nyumba: sensa ilianza kuandika uhusiano wa wanakaya mwaka 1880.

Magazeti

Mkusanyo wa Chronicling America wa Maktaba ya Bunge ni mahali pa kuanzia. Mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi, hivyo tafuta jina kwa tahajia tatu nne, halafu tafuta kwa anwani au kazi bila jina kabisa. Wanawake walioolewa utawapata chini ya herufi za kwanza za waume zao. Magazeti ya Weupe hayakuwa na kawaida ya kumpa mwanamke Mweusi heshima ya “Mrs.”, na mara nyingi yaliweka alama ya rangi kando ya jina.

Kwa habari za mtaa wa Weusi wa mji huohuo, wakati mwingine itakubidi utazame kaskazini. Kati ya miaka ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi takriban milioni sita waliihama Kusini. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa 1905 na Robert S. Abbott, mzaliwa wa Georgia, lilisomwa sana Kusini na kuchapisha habari za huko: nani mgonjwa, nani kaja kumtembelea mama yake, kanisa gani limeezekwa.

Makaburini

Omba ruhusa ya mwenye ardhi au kanisa kabla ya kuingia. Jiwe lisilosomeka lisipakwe chaki, unga wala povu la kunyolea. Shika kioo uelekeze mwanga wa jua uliambae jiwe kwa pembeni, na maandishi yatajitokeza kwa kivuli chake. Ukiruhusiwa kusafisha, lisikilize kwanza kwa kuligonga taratibu na kidole: likilia kama lina uwazi ndani, au likibanduka, liache. Lililo imara lilowanishe kwa maji safi, sugua kwa brashi laini ya nailoni kuanzia chini kwenda juu ili uchafu usiache michirizi, na usuuze kila mara. Jiki, brashi ya waya na mashine ya maji ya msukumo hula uso wa marumaru, na ule uso ndio wenye jina.

Makaburi yasiyo na mawe hujulikana kwa mabonde mafupi yaliyopangwa mashariki-magharibi, kwa mierezi mizee, kwa ua la vinka linalotambaa chini ya miti, na kwa kombe (makaka ya chaza na konokono) au vyombo vilivyovunjika juu ya kaburi. Usihamishe kombe hizo hata kwa ajili ya picha. Ziliwekwa pale kwa makusudi.

Msimu mzuri wa kwenda ni siku ya Decoration, familia zinaposafisha na kupamba makaburi, au Jumapili ya Homecoming, waliohama wanaporudi kanisani kwao na chakula kuandaliwa nje uwanjani. Nenda na kitu cha kuchangia mezani, kaa ibada yote, na acha kinasa sauti ndani ya mfuko siku hiyo. Omba tu nakala ya kijitabu cha maadhimisho. Mara nyingi kina orodha ya wachungaji wote na mwaka wa jiwe la msingi, mambo ambayo mahakama haina.

Mazungumzo na wazee

Muite mzee kwa cheo chake: Deacon, Reverend, Mother kwa mama wa kanisa, au Miss na jina lake la kwanza. Rekodi kwa faili la sauti la WAV, 48 kHz, biti 24, maikrofoni ikiwa kama shubiri moja kutoka mdomoni. Zima feni, na kama unaweza kaeni mbali na friji. Kibarazani ni pazuri kwa mazungumzo lakini nyenje wa Julai watayafunika maneno. Mwanzoni taja tarehe, mahali na majina. Dakika 60 hadi 90 zinatosha. Fomu ya ridhaa isainiwe siku hiyohiyo, ikieleza sauti itahifadhiwa wapi na nani ataisikia.

Swali la “maisha yalikuwaje?” huleta jibu la jumla. Uliza hivi: “Ukitoka stesheni ukielekea kanisani, ulikuwa unapita nyumba za nani?” Mwache ataje moja moja, nawe uziandike namba kwenye nakala ya ramani ya Sanborn. Hapo ule upande uliokuwa mtupu huanza kujaa, na viwanja vyake unaweza kuvirudisha kwenye faharasa ya wanunuzi.

Uliza pia kuhusu shule. Kati ya 1912 na 1932 fedha za Julius Rosenwald, tajiri wa kampuni ya Sears, kwa wazo alilolijenga pamoja na Booker T. Washington, mwalimu Mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, zilisaidia kujenga karibu shule 5,000 za watoto Weusi katika majimbo 15, nao wanakijiji wakachangia fedha, ardhi na nguvu zao. Chuo Kikuu cha Fisk kina orodha na picha za shule hizo. Shule za Weupe na za Weusi katika wilaya nyingi za Kusini zilipounganishwa hasa mwaka 1969 na 1970, vikombe, picha na vitabu vya mwaka vya shule za Weusi mara nyingi vilitupwa. Vilivyopona viko kwenye makabati ya watu. Usivichukue. Nenda na skana ya kubebeka, nakili kwa nukta 600 kwa inchi katika faili la picha la TIFF, mbele na nyuma ya picha, kisha vibaki palepale.

Minara ya kumbukumbu ya uwanja wa mahakama isome kwa tarehe ya kuzinduliwa, pamoja na ile ya vita vinavyotajwa. Mnara wa askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861–1865 uliosimamishwa 1910 unaeleza zaidi watu wa 1910. Wala si kila mnara ni wa vita: ule wa Enterprise, Alabama, wa 1919, uliwekwa kwa heshima ya fukusi wa pamba, aliyewafanya wakulima wa eneo lile kugeukia karanga.

Ukishaandika, kila sentensi yenye jina au mwaka iwe na chanzo chake. Hati na mzee wakipingana, waweke wote wawili. Chapa rasimu kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, na uiache mwezi mmoja maktabani na kwenye kanisa la kila upande wa reli, na penseli imefungwa kwa uzi.