Kwa mwenye mtoto anayesoma Oklahoma

Wazazi wa Nairobi wenye watoto wanaosoma katika majimbo ya Oklahoma, Kansas au Texas nchini Marekani wafahamu kwamba tornado, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka mawinguni hadi ardhini, hutokea kwa wingi huko kati ya Aprili na Juni. Nyingi hutokea kati ya saa kumi jioni na saa tatu usiku kwa saa za huko, yaani kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri hapa kwetu; kwa hiyo mashauriano yafanywe mapema, si wakati king'ora kinalia.

Mwulizeni kijana atajificha wapi. Jibu sahihi ni chumba cha chini ya ardhi, na kama hakuna, basi chumba kidogo cha ndani katika ghorofa ya chini kabisa, kisicho na dirisha, kwa mfano bafu, kwa kuwa wengi huumizwa na vitu vinavyorushwa na upepo. Nyumba za kuhamishika si salama hata zikifungwa kwa nyaya, na chini ya daraja la barabara upepo huweza kuwa mkali zaidi. Kufungua madirisha ili kupunguza mgandamizo wa hewa, kama wazee wa huko walivyoamini, hakusaidii chochote.

Ilani ni za aina mbili. Ya kwanza husema kwamba hali ya hewa inaruhusu tornado kutokea. Ya pili husema kwamba imeonekana kwa macho au kwa rada, na hapo mtu huingia mafichoni mara moja, bila kutoka nje kupiga picha kwanza (vijana wetu tunawajua). Viatu vigumu, kofia ya pikipiki na simu iliyochajiwa viwekwe karibu.