Namna ya Kumtembelea Bibi au Babu na Kusikia Habari za Ujana Wake

Ukienda kumtembelea bibi au babu kwa nia ya kusikia habari za ujana wake, fika asubuhi kabla jua halijamchosha, ukiwa na sukari, sabuni na majani ya chai, na usitoe daftari kabla salamu hazijakamilika. Mwamkie shikamoo, keti mkekani, umjulie hali ya magoti yake na ya shamba lake.

Wengi wetu hukosea kwa kuuliza mwaka. Wazee wengi hawakuuhesabu ujana wao kwa kalenda bali kwa mambo yaliyotokea. Kwa hiyo muulize kama alikuwa ameshaolewa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliporudi kutoka uhamishoni Uingereza mwaka 1955, kama alikuwa bado anachunga mbuzi bendera ya uhuru wa Uganda ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, au ni mtoto gani aliyekuwa mgongoni Wahindi walipopewa siku 90 waondoke nchini mwaka 1972. Miaka utaipata mwenyewe baadaye.

Swali likishindwa, tafuta kitu cha kumtia mkononi. Bibi yangu, hapa Jinja, hakuwa na neno juu ya bwawa la umeme la Owen Falls mpaka siku nilipomtolea stoo pasi yake ya mkaa. Aliushika mpini, akapuliza majivu ambayo hayakuwamo, kisha akanieleza jinsi alivyoipiga pasi kaptura ya babu usiku wa kuamkia siku Malkia Elizabeth alipokuja kulifungua bwawa hilo, mwaka 1954, akaiunguza mfukoni na kuishona kwa uzi wa rangi nyingine. Kisa hicho nisingekipata kwa maswali.

Omba ruhusa kabla ya kumrekodi kwa simu. Akihamia Kisoga, Kiganda au lugha yake nyingine, mwache aendelee, kwa sababu katika miaka ya 1970 Kiswahili kilisikika sana vinywani mwa askari wa Idi Amin kwenye vizuizi vya barabarani, na wapo wazee wasioweza kuyasimulia ya wakati ule kwa lugha ile. Akinyamaza kabisa, usimsukume; mmiminie chai, mzungumze mambo ya shamba.

Kabla ya kuaga, msomee majina ya watu na vijiji uliyoandika ili ayasahihishe, kisha mtajie siku utakayorudi.